Mnyamwezi Aliyekataa Kutoka Kaburini

Mwembesongo, Morogoro
14 Februari 1993

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Kama Yustina wa katekista yuko jikoni kwako anamenya viazi, mwambie barua hii inahusu minyoo, ataondoka mwenyewe. Nakusihi kwa roho ya marehemu bibi, neno lolote nitakaloliandika humu lisitoke. Usimsomee mtu, usimdokezee mtu, wala usicheke peke yako njiani watu wakakuuliza unacheka nini. Ukimaliza, ichome moto.

Sisi huku hatujambo. Dada Magdalena amejifungua mtoto wa kiume. Upande wa mume wamempa jina la babu yao, nasi tumenyamaza. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anagombana vizuri, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Sasa jambo lenyewe. Ile kazi nimeipata. Ndiyo! Wenzangu wa kidato cha sita wote siku hizi wanauza mitumba sokoni, wanasema ndiyo soko huria, na mimi nina meza. Ni karani wa utafiti. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, hivyo karatasi zetu zote zina unga, nami nikipiga chafya mchana natoka kama mzimu. Mkuu wetu ni Dakta Shadia, mtu wa Pangani, mwalimu wa Chuo Kikuu. Anachunguza maisha ya watu walio wachache mahali walipo: Mha peke yake katika mtaa, Mchagga kati ya Waluguru, na kadhalika. Tunawauliza wanateka maji na nani, nani atawazika, nani huwaazima chumvi, na nani hupata ardhi na nani hapati. Dakta anasema unyonge wa mtu hauko mfukoni tu. Uko pia katika nani anamwita kwa jina lake na nani anamwita "yule".

Nimekula kiapo cha kutunza siri, na saini nimeweka. Dakta alisema, "Atakayetoa neno la mtu nje ya chumba hiki, siku hiyohiyo ataniachia ufunguo." Nikifika Agosti salama, nitaajiriwa kabisa.

Nami sasa nakutolea neno la mtu.

Nilipokuja Mwaka Mpya nilimhoji Mosi. Wewe unamjua kuliko mimi: Mnyamwezi pekee wa mteremko wetu, aliyekuja na lori mwaka ule biashara ya mboga ilipofunguliwa, lori likazama matopeni, akaachwa alilinde, mwenye lori hajarudi hadi leo. Nilimhoji ndani ya lori hilohilo, kuku wako wakitagia kwenye injini. Na kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu zama za misafara, hakuna jibu hata moja alilonipa bila kunitia aibu.

"Je, majirani wamewahi kukutukana?"

"Kila siku. Juzi hawakunitukana, nikadhani nimekufa sijaambiwa."

"Wamewahi kuchukua mali yako?"

"Bernadeta, mama yako mdogo, alichukua jogoo wangu Krismasi, akamla mbele yangu. Akaninyima hata shingo."

"Ulitoa taarifa?"

"Kwa nani? Sufuria aliyompikia mimi ndiye niliyekuwa nimeiiba."

Nimeandika ndiyo, ndiyo, ndiyo. Dodoso letu halina mahali pa utani. Kisha nikafika swali la mwisho: je, kuna kitu majirani zako wanacho, nawe huruhusiwi kuwa nacho? Hapo alikaa kimya. Mosi, kimya! Nikadhani ameumwa na siafu. Akasema, "Mti."

Unajua ada yetu. Anayeazimwa shamba na ukoo atapanda vinavyokwisha, kabichi, karoti, njegere, na kila mwaka atampelekea Mjomba Ignas, mkuu wa ukoo, ngoto, kikapu cha mazao cha kukiri kwamba ardhi si yake. Mti hapandi. Aliyepanda mti amesema ardhi ni yangu. Mosi akaniambia, "Severin, kabichi ikishang'olewa haimkumbuki mtu. Nikiondoka leo, kesho mlima huu hautajua kwamba nilikuwepo. Andika mti." Halafu akaongeza, "Na andika kwamba mama yako mdogo ana miguu ya bata."

Nimeandika vyote viwili.

Sikupaswa kukwambia, lakini limenikaa kifuani, na kifua changu unajua kilivyo chembamba. Choma barua hii.

Mwanao,
Severin


Mgeta
9 Machi 1993

Mwanangu Severin,

Marahaba. Nilifunga mlango kama ulivyosema, moshi ukanijaa machoni, nikafungua. Barua yako imefika ndani ya tenga tupu la Salehe dereva, ina harufu ya vitunguu, lakini inasomeka. Hongera kwa meza.

Sisi hatujambo. Bibi Maria, dada wa marehemu bibi yako, bado yupo. Anatuita sote kwa majina ya mbuzi wake, na mimi nimekuwa Kijivu. Karoti zimependeza. Madereva wa Dar sasa wanapanda hadi mlangoni, wananunua kabichi ikiwa bado haijajikunja. Kwa hiyo mjomba wako Ignas amebadilika. Kila kipande cha mteremko kimekuwa dhahabu machoni pake. Anapita na fimbo, anasimama, anakodoa. Ametangaza kwamba baada ya mavuno wageni wote warudishe ardhi ya ukoo, awagawie wapwa zake walime. "Wageni wote" maana yake ni Mosi. Hakuna mwingine. Akirudisha shamba, atakula nini? Itabidi ashuke, aende zake Tabora au popote.

Mimi hainihusu.

Nakuambia tu kwa ajili ya utafiti wako. Na kwa ajili hiyohiyo ya utafiti, uandike kwamba kila Jumapili, akienda kuimba besi kanisani, anapita hapa na kusema, "Mke wangu, umeamkaje?" Nami namjibu kwamba kuliko kuolewa na Mnyamwezi ni heri punda, maana punda akishiba hunyamaza. Anacheka hadi kona ya pili. Tangu nifiwe na mume wangu anafanya hivyo. Ni utani, hauna maana yoyote, na Jumapili aliyokuwa na homa hakupita, nikamaliza ibada bila kujua padre amesoma nini, kwa sababu ya baridi.

Lile la miguu. Sikukasirika. Nataka kujua mambo madogo tu. Alisema hivyo akicheka au hakucheka? Na macho yake yalikuwa wapi? Ukijibu andika kwa urefu, usinipe ndiyo na hapana zako.

Siri yako sijamwambia mtu. Yustina hahesabiki, maana alikuwa hapahapa nilipokuwa nasoma.

Mama yako,
Bernadeta


Mwembesongo
28 Machi 1993

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama anakusalimu, kikohozi kimeisha, ugomvi unaendelea. Mtoto wa Magdalena ameanza kucheka.

Yustina hahesabiki? Yustina! Mwaka juzi alitangaza mimba ya mwalimu kabla mwalimu mwenyewe hajajua! Alhamisi nilikuwa napita sokoni na Dakta Shadia, nimebeba mkoba wake, nimevaa shati la kazi. Salehe akanipungia kutoka juu ya lori, akapaza sauti watu wote wageuke: "Karani! Ule mti wa Mosi umefikia wapi?"

Dakta akaniuliza, "Mti gani?"

Nikasema, "Wa mbao." Mama Mdogo, mti gani usio wa mbao? Jasho lilinitoka hadi kwenye viatu.

Na Dakta si mtu wa kudanganywa. Jioni ileile alichukua majibu ya Mosi, akayasoma akicheka hadi akavua miwani. Nikaona nimepona. Kisha akafika mwisho, akaacha kucheka, akagonga neno lile kwa kidole. "Hapa pote anacheka. Hapa hacheki. Wewe uliona?" Nikasema niliona. Akasema, "Hata kwetu tuna watani. Utani ni mlango, Severin. Mtu hupitisha pale neno ambalo asingelipitisha popote. Lakini waweza kuwa kufuli pia. Jirani mnayecheka naye kila siku, nani atakumbuka kumuuliza kama ameshiba?"

Halafu akasema anataka kuja Mgeta mwenyewe mwezi wa Juni, aone. Nimekuwa nikilala vibaya tangu hapo. Naomba hadi Juni mteremko wote uwe umesahau. Mwambie Yustina ni dhambi. Mwambie hata imo katika katekisimu.

Kuhusu swali lako. Hakucheka. Alikuwa anatazama nje, kwenye njia, na wewe ulikuwa unapanda na ndoo kichwani. Alitazama mpaka ulipoingia ndani, ndipo akasema. Hilo sikuliandika, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Severin


Mgeta
20 Aprili 1993

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Najua barua hii itachelewa, maana masika yameikata barabara na lori la Salehe liko ng'ambo ya daraja, yeye mwenyewe amehamia kwa mama mkwe. Bibi Maria ametutoka Jumatatu ya Pasaka. Alikula ugali, akawaita mbuzi wote kwa majina, nasi tukaitika, akalala. Tulituma mtu akuite, akarudi amelowa. Usijilaumu. Kwa umri ule hakuna aliyelia kwa kujitupa chini. Na hata angetaka kulia, Mosi asingempa nafasi.

Sijui nianzie wapi. Nikikumbuka kalamu inaruka.

Unajua msibani mtani ndiye mwenye nyumba. Mosi alikuja asubuhi amevaa kanga ya marehemu, ameshika mkongojo wake, anakohoa kile kikohozi chake chenyewe, anadai ugoro, anamwita padre kwa jina la beberu. Padre alijifanya anasoma. Waombolezaji walishikilia nguzo. Mjomba wako Ignas, aliyekuwa amekaza uso tangu jana yake, akaanza kutikisika mabega. Watu wakadhani ni kilio, kumbe.

Tukafika makaburini. Kabla sanduku halijashushwa, Mosi akarukia shimoni, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Kaburi hili nimelipenda," akasema kutoka chini. "Ndicho kipande cha kwanza cha ardhi ya ukoo huu ninacholala bila kutoa ngoto."

Severin, hata wenye kubeba sanduku ilibidi waliweke chini.

Ada ni kumkomboa mtani kwa kitu. Ignas akasema, "Toka, nakupa kuku."

"Kuku ninao, wa Bernadeta."

"Nakupa pombe, mtungi."

"Ileteni, nitainywea humuhumu."

Wingu jeusi likawa limeshafika juu ya msalaba. Padre akatazama saa, akatazama mbingu. Ignas anafuta machozi ya kicheko, anapiga kelele, "Basi unataka nini, mbeba mizigo wewe, mtumwa wa babu yangu?"

Mosi akakunjua mikono kifuani. Nilikuwa ukingoni, nilimwona uso. Akasema, "Mti."

"Mti gani?"

"Wa kupanda. Kwenye kipande ninacholima."

Na matone yakaanza, makubwa kama njegere. Ignas akapunga mikono yote miwili: "Panda! Panda hata msitu! Toka tumzike mtu!"

Akatoka. Padre akasema amina, nadhani kwa kukosea, lakini alisema.

Kesho yake alfajiri Mosi alikuwa shambani anapanda miche ya pichi, mstari mzima, imeshafika magotini. Kumbe alikuwa ameikuza ndani ya lori, katika makopo ya maziwa. Watu wanasema makopo yale yanafanana na ya kwangu. Makopo yote yanafanana. Ignas akaja mbio, sasa hacheki.

"Ule ulikuwa utani!"

"Ndiyo, Mjomba. Na alichochukua mtani hakirudishwi."

Ignas amesema miche haing'olewi kwa sasa kwa heshima ya marehemu, lakini mvua zikiisha ukoo utakaa. Ikiamuliwa kwamba neno la kaburini lilikuwa mzaha, miche itang'olewa, na Mosi ataondoka nayo siku hiyohiyo.

Utaniuliza nani alimtia Mosi akili kwamba kaburini ndipo pa kuombea. Najua utauliza. Mvua ni kubwa sana huku, taa inazimika.

Bernadeta


Mwembesongo
23 Mei 1993

Mama Mdogo,

Shikamoo na poleni sana. Tumemwombea Bibi Maria misa hapa mjini. Mama alilia, kisha nikamsomea barua yako, akacheka hadi tukamfungua vifungo. Mimi niliisoma tena ofisini na ilibidi nichomeke kichwa kwenye mfuko wa unga wa jirani. Dakta akauliza kama ni pumu.

Nimecheka, na sasa naogopa. Mosi hakuwahi kumwambia mtu habari ya mti isipokuwa mimi. Mimi sikumwambia mtu isipokuwa wewe. Hata mtoto wa Magdalena angejumlisha hapo. Umemwambia, "Nasikia unataka mti," naye akajua ni mimi niliyeipasua siri yake. Je, amekasirika? Nikimwona njiani nijifiche?

Dakta anakuja wiki ya pili ya Juni. Mjomba Ignas kaweka kikao wiki ileile, nimesikia kwa Salehe. Nikikiri mwenyewe, naacha ufunguo mezani. Nisipokiri, ataambiwa na mlima mzima, hadi mbuzi. Kila asubuhi naingia ofisini nimefungua mdomo tayari kusema, na kila asubuhi anasema, "Severin, chai," nami nachemsha chai.

Lakini, Mama Mdogo, nisikilize. Hata nikifukuzwa, miche ile ising'olewe. Nimewahoji watu wengi sasa. Wana majirani, wana utani, wana vyama vya maziko, wanaalikwa kwenye arusi zote, na bado ukiwauliza kitu gani wanacho ambacho hakuna awezaye kuwaambia warudishe, wanatazama mlango. Sijamsikia hata mmoja aliyeomba kama Mosi alivyoomba.

Mimi ni karani, kazi yangu kuuliza. Swali: je, wewe na Mosi

Nimefuta. Shikamoo tena.

Severin


Mgeta
20 Juni 1993

Mwanangu Severin,

Marahaba. Hatujambo wote. Mbuzi wa Bibi Maria tumegawana. Beberu amekuja kwangu, ana tabia mbaya. Barabara imepona. Viazi ni vingi, njoo uchukue gunia, kama bado una nauli.

Dakta wako tumempokea. Mtu mnyenyekevu, amekula magimbi bila kuuliza ni nini. Siku ya kikao alikaa nyuma na wanawake, kalamu hakuitoa kabisa.

Ignas alianza. Akasema maneno ya msibani ni upepo, na upepo hauna shamba.

Mosi akasimama. "Sawa, Mjomba. Kama ni upepo, mfukueni Bibi Maria, mimi nirudi shimoni, tuanze upya."

Watu wakaanza kukohoa kwa kujizuia. Bibi Juliana, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wanawake wa ukoo, akainua mkono. "Ignas, siku ya arusi yako mtani alichukua godoro. Ulirudishiwa?"

"Hapana, Mama."

"Ulilala wapi?"

"Chini."

"Na leo utalala chini."

Hapo hata Dakta alijifunika kanga. Lakini Ignas hakukubali. Akasema godoro si ardhi. Mgeni akipewa mti leo, kesho ataleta Tabora nzima, na sisi tutalima wapi, angani? Na watu wakaacha kucheka, kwa sababu wengi ndivyo wanavyofikiri, na wengine wana wana wao wasio na shamba. Nami nilimwelewa. Ukweli ni huo, mteremko haukui.

Mosi hakujibu kwa mzaha. Alisema polepole hadi ikabidi tuiname kumsikia. "Mnacheka nami miaka yote. Mnanipa maiti zenu nizicheze, nazicheza kwa moyo. Mvua ikinyesha nalala kwenye lori. Siku ya msiba mimi ni mtani, siku ya shamba mimi ni mgeni. Mimi naomba kuambiwa kitu kimoja tu: siku za kawaida, mimi ni nani?"



Ndipo nikasimama. Sikupanga. Nikasema, "Nami nina swali. Kama neno la mtani halishiki, basi mimi nimeitwa 'mke wangu' kila Jumapili mbele ya watu waendao kanisani, na nataka kujua leo, mbele ya ukoo, nimekuwa nikiitwa nini."

Ignas akasema, "Bernadeta, kaa chini." Bibi Juliana akasema, "Ignas, kaa chini."

Mosi akavua kofia. Akasema, "Lile halikuwa utani hata Jumapili moja. Lakini ningelisema vipi? Ningekuoa nikakalia shamba lako, mlima wote ungesema Mnyamwezi ameoa kabichi. Na wewe mwenyewe ungelala ukijiuliza."

Alijuaje kwamba ningejiuliza? Nimekuwa nikijiuliza tangu mwaka wa kwanza.

Wanawake wa ukoo, ambao kwa ada yetu ndio wenye neno la mwisho juu ya ardhi, wakatoka nje kushauriana. Mimi nilikatazwa kwenda nao, kwa kuwa nimeonekana nina maslahi. Walirudi upesi. Miche ising'olewe. Ngoto itaendelea, ila iwe ya pichi, na Bibi Juliana ndiye atakayekuwa wa kwanza kuonja. Tabora nzima isije. Aje mmoja mmoja, kwa kubisha hodi. Ignas alikaa akitazama fimbo yake. Kisha akainuka, akatoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwenye lori la Mosi, akachukua redio. "Nimeichukua kwa utani!" akasema. "Jaribuni kunidai!" Sasa sote tunasikilizia taarifa ya habari kwa Ignas, na Mosi anakaa kiti cha mbele.

Kuhusu wewe. Mwishoni Dakta aliuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyejua habari ya mti kabla ya msiba. Nilifungua mdomo kusema ni Roho Mtakatifu. Ukumbi mzima ukasema, "Severin!" Yustina alitangulia. Nisamehe, mwanangu. Mosi hana kinyongo. Anasema ukimwona usijifiche, ila ulete sukari.

Jibu nililompa Mosi? Barua imekuwa ndefu na karatasi imeisha.

Mama yako,
Bernadeta


Kidatu
25 Julai 1993

Mama Mdogo,

Shikamoo. Karatasi yako ilibaki na nusu ukurasa mweupe. Nimeigeuza, nimeiweka kwenye mwanga wa taa, hakuna kitu. Sawa.

Kama unavyoona, niko Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Sijambo, isipokuwa mbu. Nitakueleza.

Dakta aliporudi kutoka kwako nilikuwa nimeshaweka ufunguo mezani, nimeshaufuta unga. Alikaa, akautazama. Akasema, "Umevunja kiapo. Na Mosi amepata mti. Haya mawili hayafutani, usije ukajidanganya." Nikasema sijidanganyi. Akasema majibu ya Mosi hayawezi tena kutumika, ameyatoa, ingawa ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote. Hapo niliumia kuliko kama ningefukuzwa. Akasema mtu mwingine, siri yake ikitoka hivyo, huenda asingeishia kwenye pichi. Angeishia njiani na mzigo wake kichwani, na sisi tungekuwa tumemsukuma. Kisha akanirudishia ufunguo, akasema, "Lakini kuuliza unajua. Kosa lilikuwa langu pia. Mtu asitumwe kukusanya siri mahali ambapo ana mama mdogo."

Ndivyo nilivyofika huku, ambako sina ndugu hata mmoja. Kambi yangu ni ya wakata miwa, Waha na Wabena watupu. Siku ya kwanza walinipa kitanda kizuri, maji ya kuoga, wakaniita "bwana karani". Siku ya pili hivyohivyo. Wote wananiamkia vizuri, na nikikaribia wanaacha kuongea. Mama Mdogo, hakuna anayenitukana! Wiki ya pili nilikuwa nimeanza kujisalimia kwenye kioo. Nikatoa dodoso, nikajiuliza maswali yote kuanzia la kwanza. La mwisho nililiacha wazi, nikaenda kula.

Pale kwa mama lishe kuna msichana anaitwa Raya. Akaniuliza kabila. Nikasema. Akaweka mwiko chini taratibu, akashika kiuno. "Mluguru? Mimi Mnyamwezi wa Urambo. Mtumwa wangu, umechelewa kuja, kuni hizo hapo, pasua." Nilipasua kuni, na shati la kazi. Wali ule ulikuwa umeungua na sijapata kula wali mtamu kama huo. Tangu siku hiyo wakata miwa nao wameanza kunicheka, na jana mmoja kanificha kiatu. Nina furaha, naandika nikiwa na kiatu kimoja.

Sina la zaidi kuhusu Raya. Nalitaja kwa ajili ya utafiti.

Kama kutakuwa na jambo lolote huko, nasema lolote, usiandike kwa posta. Inazunguka Dar kwanza. Mpe Salehe, amwachie kondakta wa basi la Ifakara pale Morogoro. Na kama utakuja mwenyewe, au mtakuja, maana sijui nusu ukurasa ule ulimaanisha watu wangapi, pandeni basi hilohilo la asubuhi, mshuke Kidatu sokoni, mfuate njia ya matrekta mpaka mwisho wa miwa. Msiulize Severin, hakuna amjuaye. Ulizeni Mluguru. Niko mmoja tu.